Mbili Tu, Sista

Kipkosgei alikuwa anakoroma tena, na hilo ndilo Wamalwa alishindwa kumsamehe. Wote wawili walipasuliwa tumbo wiki moja, katika hospitali moja ya Kitale, kwa shida ile ile ya utumbo kujisokota. Sasa mmoja amelala fofofo mchana kweupe, na mwenzake anavuta pumzi ndogo ndogo kama mtu anayeiba.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno. Kila zamu nesi Jerono alipita akiuliza: kutoka sufuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Kipkosgei, mkulima wa viazi kutoka miteremko ya Elgon, siku ya kwanza alijibu kumi na machozi juu. Kabati la kufuli likafunguliwa, akadungwa mofini, akalala. Wamalwa alijibu mbili. Akatundikiwa dripu ya paracetamol.

Si kwamba hayakumuuma. Yalimuuma hadi kwenye meno. Lakini Wamalwa ni mtu wa Kamukuywa, alisimama mbele ya kisu cha jando alfajiri ya baridi, mwili umepakwa matope, umati mzima ukimkodolea macho kuona kama kope itacheza. Haikucheza, na kwao bado wanaitaja. Sasa mtu kama huyo ukimuuliza mbele za watu anaumwa kiasi gani, unategemea aseme nini? Kwake swali la nesi lilikuwa kisu kimerudi. Hata angeambiwa kwamba huu si mtihani, asingeamini.

Kakake Mukhwana, mwenye duka la dawa kule Myanga, alimzidishia ukaidi. Kwa maoni yake mofini ni ya wagonjwa wa kansa wanaosubiri kuaga; mtu mwingine akiionja leo, kesho ni teja, na yeye alishamwona kijana wa jirani akiuza mabati ya mamake apate vidonge. Jerono alibishana naye pale pale kando ya kitanda. Alikubali kwamba dawa ile ina hatari, ndiyo maana hufungiwa, na wauguzi wawili hutia sahihi kila inapotoka. Lakini siku chache baada ya upasuaji, kwa kipimo, chini ya macho yao, si sawa na kumkabidhi mtu chupa aende nayo nyumbani. Na mgonjwa anayeogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu, alisema, kifua chake kitaingia nimonia. Daktari aliwasikiliza wote, akaitazama ile mbili kwenye faili, akasema hawezi kumpa dawa kali mtu asiyelalamika.

Basi Wamalwa hakukohoa, hakuinuka, na kila jioni joto lake lilipanda kidogo. Hilo lilimtia hofu. Lililomla zaidi lilikuwa kwenye kitanda cha pili: mke wake, Agneta.

Mke wa Kipkosgei alikuwa amebaki nyumbani na ng'ombe, kwa hivyo Agneta, na huruma zake, akawa anamsaidia. Anamwekea mto wa kukumbatia tumboni akikohoa, anamtembeza mpaka dirishani. Kipkosgei hakuwa na haya hata kidogo. Mama, nisogezee mto. Mama, hapa panawaka moto, nishike mkono. Na Agneta anashika! Siku moja Wamalwa alimsikia akicheka, kicheko ambacho hakukisikia nyumbani kwake tangu wachumbiane. Alimchukia Kipkosgei kabisa. Alichukia usingizi wake, alichukia miguu yake ikiburura kuelekea dirishani, na zaidi ya yote alichukia mkono wa Agneta chini ya kwapa lile. Mwanamume mzima analia lia, anapewa dawa, halafu anapewa hata mke wa mtu. Wivu ule ulimchoma kuliko mshono.

Siku ya wageni wakaja bakoki, wenzake waliotahiriwa naye msimu mmoja, wametoka Bungoma na makoti yao mazuri. Wakakizunguka kitanda. Jerono akapita na swali lake. Kipkosgei akasema ni tano, imeshuka, na bakoki wakatazamana wakitabasamu. Ikawa zamu ya Wamalwa.

"Mbili tu, sista."

Wakampigapiga begani, wakamsifu, wakaenda zao wameridhika. Jasho lilimtiririka mpaka masikioni. Agneta alikuwa amesimama kati ya vitanda viwili, na Kipkosgei akamwomba maji. Hapo Wamalwa akashindwa kujizuia.

"Enda, Mama Ivy. Si mume wako anakuita."

Agneta alimpa Kipkosgei maji, akasubiri amalize, akarudisha kikombe mahali pake. Kisha akaja akavuta pazia na kuketi ukingoni mwa kitanda cha mumewe.

"Nilipopasuliwa pale Bungoma nikizaa Ivy, waliniuliza swali hilo hilo," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe na mama yako mlikuwa mmesimama kando ya kitanda. Mliniangalia tu. Nikasema mbili."

Wamalwa alifungua mdomo, Agneta akamnyamazisha kwa mkono.

"Unaonea huyu mzee wivu? Hata mimi namwonea, Baba Ivy. Anasema inauma, watu wanamwamini, na hakuna mtu anamcheka. Ndio maana naendanga hapo kwake. Nataka kuona hiyo kitu inakuwanga aje."

Wamalwa aliikumbuka siku ile. Alikuwa amejigamba soko zima la Kamukuywa kwamba mkewe amepasuliwa na anasema mbili tu. Miaka yote hiyo alilisimulia jambo hilo kama sifa yake mwenyewe. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile kikohozi kikampanda. Alijaribu kukimeza, kikamshinda, akang'ang'ania mkono wa Agneta mpaka kikapita.

"Niitie sista," alisema.

Jerono alipokuja na kuuliza, Wamalwa alijua kwamba nyuma ya pazia Kipkosgei yuko macho na anasikia.

"Tisa," akajibu, na wodi nzima ikasikia.

Jerono hakushangaa wala hakumsifu. Alikwenda kumwita daktari. Wamalwa bado alikuwa ameushika mkono wa mkewe.

"Na yako, Mama Ivy? Ile siku. Ilikuwa ngapi?"



"Kumi," Agneta alisema, na ndipo alipoanza kulia, Ivy sasa akiwa tayari sekondari.