Kopo la Wifi

Kopo lilikaa katikati ya meza ya saluni, nalo liliheshimiwa kuliko wasusi. Ndani yake Wifi, mwenye saluni, alikuwa amefungua vidonge vya rangi mbili na kukoroga unga wake kwenye mafuta ya nywele. Kila chanuo lilichovywa humo kabla ya kugusa kichwa.

"Hiyo ni dawa," aliwaambia wateja. "Kwangu ugonjwa haukanyagi."

Ugonjwa ulikanyaga, tena bila kuvua viatu. Msusi mmoja, aliyeolewa na kaka wa Wifi, aliuona kwanza kwa binti yake aliyesukwa hapohapo: duara la upara kichwani, magamba meupe, nywele zimekatika kama zimetafunwa. Alipomwambia Wifi, alijibiwa amwogeshe mtoto. Akaendelea kuchovya kama wenzake.

Asubuhi moja msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha fundi cherehani, nesi wa zahanati alipoingia na mwanawe bila hodi, akamvua mtoto kofia: duara lilelile la upara.

"Tazameni kazi yenu!"

"Labda shuleni," Wifi akasema. "Hapa tunatia dawa."

Nesi akaliinua kopo, akauliza ni vidonge gani, akaguna. "Mama, hii inaua bakteria. Haya ni mapunye, na mapunye ni fangasi. Bakteria wana dawa yao, fangasi wana yao, na virusi ndio hawajali hata moja ya hizo. Fangasi kumpa hii ni kumwekea paka maziwa ukidhani unamfukuza."

"Vidudu ni vidudu!"

"Basi na wewe na kuku ni wamoja, wote mnakula mahindi. Kila chanuo linatoka kichwa hiki, linaogelea humu, linaingia kichwa kile. Hiki ndicho kituo chao cha basi. Mchana nakuja na bwana afya."

Akatoka. Wifi akamgeukia msusi, sauti chini, macho juu.

"Bwana afya akija, utasema mapunye yametoka kwa mwanao. Umeyaleta kwa mikono yako. Nitakusimamisha siku chache, watu watasahau."

"Wifi, mtoto ameyapata hapa."

"Nimekuuliza? Nani alikupa hicho kiti? Ungekuwa unamenya vitunguu kwa mama yangu mpaka leo. Sema, au ondoka."

Msusi alikuwa mtu wa kumeza. Aliitwa mchafu, akameza; aliitwa mzigo, akameza. Lakini sasa alimwona akilini binti yake kwenye uwanja wa shule, watoto wakimkimbia huku wakiimba mapunye, na mama zao wakisema msusi mwenyewe alikiri. Hilo hakuweza kulimeza.

"Sisemi," akasema.

"Nini?"

"Sisemi, Wifi. Mwanangu ameyatoa kwenye kopo lako. Mimi nilichovya, na hilo nitalisema. La kumsingizia mtoto sisemi."

"Mtoto wa watu unamlea vizuri, anaota pembe! Toka! Kaka yangu atayasikia haya leo!"

Msusi akavua aproni, akaiweka kitini.

"Jamani," fundi cherehani akasema, "na hii nusu yangu?"

"Nitamalizia mimi," Wifi akajibu. Akachukua chanuo na, kwa hasira au kwa mazoea, akalizamisha koponi.

Fundi aliruka kama aliyekalia sindano yake mwenyewe. "Hapana, mama. Bora watu wanicheke upande mmoja."

Akamfuata msusi barabarani, nusu kasukwa, nusu timutimu. Wifi akasimama mlangoni, akapaza sauti mpaka wauza mitumba wakageuka: "Msimguse huyo! Nyumbani kwake kuna mapunye!"

Msusi akasimama. Maishani hakuwahi kupiga kelele barabarani.

"Kweli yapo!" akajibu kwa sauti iliyopasuka. "Na aliyesukwa kwako akamtazame mwanawe kichwani leo!"

Kisha mwanamke mmoja kwenye mitumba akaiweka chini nguo aliyokuwa akiichagua, akamvuta mwanawe karibu, akaanza kumpekua nywele.

Wifi akafunga mlango.