Mtandao Usiofika Zizini

Ng'ombe aliyebaki alikuwa amezoea kukamuliwa na Ngari tu, na Ngari alikuwa kaburini tangu mvua za masika. Basi kila asubuhi Rwamba alivaa koti la marehemu mumewe, bado linanuka samadi na tumbaku, akainama kukamua bila kusema neno. Akifungua mdomo tu, mnyama anajua si mwenyewe, na maziwa yanakatika. Ndivyo alivyokuwa ameinama siku hiyo Nthiga, jirani yake, alipopita kwenye kijia cha juu ya zizi.

"Umeamkaje, Mama Carol?"

Alijibu salama, na maziwa yakakatika.

Sauti hiyo ya jirani ndiyo iliyomnyima usingizi. Usiku wezi wa ng'ombe walipomuua Ngari, Rwamba hakuona uso wa mtu. Alikuwa kwenye migomba, tochi imeisha betri, aliposikia mtu akiita kwa upole kabisa, "Kairu, Kairu, njoo." Na Kairu, ng'ombe ambaye hakuwahi kumfuata mgeni, akafuata. Ilikuwa sauti ya Nthiga. Nthiga huyohuyo alikuja kuchimba kaburi, akatoa jasho kuliko wote, akala na chakula cha matanga.

Polisi waliandika kila kitu isipokuwa hilo. Sauti si ushahidi, mama, walimwambia. Siku hizi tunataka picha, weka kamera. Carol, binti yake wa pekee anayefanya kazi ya ofisi Meru mjini, akanunua mbili. Ya mlangoni ilikuwa inaona vizuri, kuku na yote. Ya zizini, ambako ndiko kwenye kazi, ilikuwa kipofu. Rauta iko sebuleni, zizi liko chini bondeni nyuma ya migomba, na waifai ilikuwa inaishia jikoni. Faili nalo lilikuwa linangoja picha.

Kobia, fundi mwenye kibanda sokoni Kianjokoma, alifika kabla jua halijawa kali. Carol alikuwa ameshatuma kifaa cha kuongeza masafa, kile kinachopokea mtandao njiani na kuusukuma mbele. Rwamba alikuwa amekivutia waya na kukifunga mwenyewe kwenye mgomba, akakifunika na mkebe wa mafuta ya kupikia ili kisinyeshewe. Kobia aliutazama ule mkebe, akajizuia kucheka, akashindwa.

"Mama, umekitia jela," alisema. "Bati halipitishi mtandao. Humo hakisikii nyumba wala zizi."

Rwamba naye alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akaona vibaya kwamba amecheka.

Shida ikawa ni mahali pa kukiweka. Kwenye migomba, majani mabichi yanaunyonya mtandao. Kwenye ukuta wa jikoni, hakifiki zizini. Kobia alishuka, akapanda, simu mkononi, akasimama. Mahali pamoja tu palikuwa wazi juu na chini: pale ambapo migomba ilikatwa kumpisha Ngari alale. Fundi alianza kukunja waya zake. Alisema atarudi siku nyingine na mlingoti mrefu. Ukweli ni kwamba hakutaka kuchimba shimo la pili kando ya kaburi ambalo udongo wake haujakaa, na hakuna mtu wa huko ambaye angetaka.

"Hakuna kuchimba," Rwamba alimwambia. "Funga kwenye msalaba wake."

"Mama, wacha tu."

"Funga. Ni bwanangu, na ni mimi nimesema."

Kobia alifunga, halafu akamtuma Rwamba ashuke zizini wajaribu. Rwamba alipofika na kutazama juu alimwona fundi ameshika simu, hasongi. Simu ya Rwamba ikalia. Ni Carol, ambaye picha ilimfikia kule ofisini wakati uleule, na alikuwa analia.

"Mama, nimemwona Baba. Amesimama hapo zizini."

Rwamba akakumbuka kwamba hajavua koti. Alilivua palepale, lakini ile baridi iliyomshika haikuwa ya kuvua koti.

Mchana alienda kituoni, simu ameifunga kwenye leso. Alimwonyesha afande zizi, ng'ombe, hata nzi waliomkalia ng'ombe. Afande akasifu sana, kamera safi hiyo, akauliza kama inayo picha ya usiku wa Ngari. Rwamba akasema si wao walimwambia aweke, na ndiyo ameweka leo. Basi, afande akasema, faili litabaki pale lilipo, mpaka kitokee kingine.

"Kingine gani? Kwangu nimebaki mimi peke yangu."

"Nenda nyumbani, mama. Kamera inakulinda."

"Hainilindi," Rwamba alisema. "Inangoja waniue, ndiyo nyinyi muone vizuri."

Afande alikuwa ameshaita anayefuata.

Alirudi jua likiwa bado juu. Hakupitia nyumbani. Alishuka moja kwa moja mpaka zizini, akasogea mbele ya kamera, akaanza kusema. Alisema yeye ni Rwamba, mke wa Ngari. Alisema usiku ule alimsikia mtu akimwita Kairu kwa jina, na mtu huyo ni Nthiga wa hapo juu. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeandikisha maelezo, ili afande asije akasema hakuelewa.

Simu ikalia. Carol alikuwa anasikia kila kitu.

"Mama, nyamaza, nakuomba. Hiyo sauti inafika mpaka kijiani."

Rwamba aliinua macho. Nthiga alikuwa amesimama juu pale na mzigo wa nyasi begani, ametulia kabisa, na haikuhitajika kuuliza kama amesikia. Akakata simu, akaigeukia kamera, akaanza upya kutoka jina lake, safari hii kwa sauti kubwa zaidi.