Mwali wa Kijani Usio na Moshi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, wala sitafuti mtu wa kugawana naye. Hapa Masara wananijua: Dishon, fundi wa vinu vya kusagia mawe ya dhahabu, na kinu kisipoharibika nauza maneno. Nimefukiwa na shimo, nimefukuzwa shule, na bado nacheka.

Asubuhi hiyo video iliingia kwenye simu yangu kutoka kwa Emmaculate, binti ya marehemu kaka yangu Odhiambo. Yuko kaskazini kabisa mwa Norway, anatunza wazee. Mama yake, Filister, ana simu ya kubonyeza tu, kwa hiyo habari za mtoto hupitia kwangu. Nikampelekea pale anapooshea mchanga.

Kwanza lilitokea tao la kijani, limetulia kutoka mlima hadi mlima. Kisha tao likajikunja, likawa pazia, pazia likaanza kupepea kama shuka kwenye kamba, pindo lake la chini likigeuka waridi. Emmaculate alikuwa amesimama chini yake, anacheka.

Filister hakucheka. "Huko wanachoma nini?"

Mwenye akili angesema hajui. Mimi nikasema, "Dhahabu ya mbinguni, shemeji. Si unaona kijani? Zebaki ndiyo inatoka hivyo."

Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo hata mbwa wa Masara hasahau. Kaka alizoea kuchomea dhahabu iliyoshikwa kwa zebaki jikoni, kwenye kijiko, na mawe yakiwa na shaba mwali uligeuka kijani. Moshi wa zebaki ulimwingia polepole. Mikono ikaanza kutetemeka, hadi Filister akawa anamnywesha uji kama mtoto.

Filister aliweka karai chini, akachukua simu mkononi mwangu, akaongea ndani yake kwa Dholuo: nyathina, yaani mwanangu, mimi ni mgonjwa sana, acha kila kitu uje. Akatuma. Ujumbe ulisikilizwa papo hapo, kisha simu ya Emmaculate ikazimika.

"Shemeji, si umemdanganya mtoto? Akivunja mkataba hao watu hawamrudishi tena."

"Afadhali mtoto bila kazi kuliko kazi bila mtoto."

Nikapiga. Haipatikani. Nikapanda kwenye rundo la mawe kutafuta mtandao, nikashuka, nikapanda tena. Nikafungua bolti iliyokuwa imekaza vizuri, nikaikaza upya. Wateja waliniita nikawaambia kesho. Mwishowe nikaketi na simu nikaanza kusoma habari za ule mwanga wa angani, mara ya kwanza kusoma kwa hiari tangu nimalizane na walimu. Kila nikimaliza ukurasa napiga tena. Haipatikani.

Jua lilikuwa limeinama nilipomrudia Filister. Hata yeye hakuwa amekaa. Alikuwa anaosha karai lililokwisha kuoshwa.

"Shemeji, hakuna kinachoungua kule," nikasema. "Lete sumaku yako."

Ni ile anayoifunga kwa nailoni ili kutoa mchanga mweusi kwenye dhahabu. Nikaiweka chini ya kipande cha katoni, nikanyunyiza mchanga huo juu. Ukasimama kama manyoya kwenye ncha zote mbili, katikati ukalala.

"Dunia nayo ni sumaku. Jua linapuliza chembe ndogo zenye umeme, dunia inaziongoza mpaka karibu na ncha zake, kaskazini na kusini. Sisi tuko hapa katikati, ndiyo maana hatuoni kitu. Zikigonga hewa ya juu, hewa inang'aa kama ile tyubu ya taa ya kanisani. Tyubu ikiwaka, umewahi kuona moshi? Oksijeni inatoa kijani, na juu zaidi nyekundu. Ile waridi ya pindo ni nitrojeni."

"Na ikishuka?"

"Haishuki. Iko juu ya ndege mara kumi."

"Umepima?"

"Wamepima wenye kupima."

"Hata asubuhi ulikuwa unajua."

Hapo simu ikalia. Uso wa Emmaculate ukajaa kwenye kioo, machozi yamemganda kwenye kope. Huko kulikuwa giza tayari.

"Mama, uko hospitali gani? Betri ilikufa kwa baridi, chaji nimeipata sasa hivi. Nimeshaambia msimamizi naondoka, ananingoja nitie sahihi."

Juu ya kichwa chake miali ilikuwa imetawanyika kutoka mahali pamoja kama mbavu za mwavuli. Pembeni mabaka ya mwanga yalififia na kurudi, kama kitu kinachopumua.

Filister aliisogelea simu mpaka pua ikagusa. "Nusa. Kuna harufu gani?"

"Harufu? Ya samaki, mama. Niko karibu na bandari."

"Nionyeshe mikono."

Emmaculate akavua glavu, akanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka. Vidole vyote.

Filister akanitazama, mimi nikatazama karai.

"Ni baridi, Mama."

"Ingia ndani. Shika kitu cha moto. Halafu uonyeshe tena."

Tukatazama dari, kisha ukuta, kisha kikombe cha chai kilichozungukwa na vidole. Filister alikuwa ameshika ukingo wa karai kana kwamba lingemkimbia. Emmaculate akaweka kikombe chini, akanyoosha mikono mbele ya simu. Ilitulia kama mbao.

"Igeuze."

Akaigeuza. Imetulia.

"Basi nenda umwambie huyo msimamizi mama yako amepona."

"Amepona saa hii?"

"Saa hii. Kimbia."

Simu ikakatika. Nikavuta pumzi, na kwa vile sijui kunyamaza muda mrefu, nikasema, "Lakini shemeji, si hayo ndiyo nimekueleza? Nimeleta jua, nimeleta sumaku, nimeleta na oksijeni, ukakataa. Mtoto anaonyesha vidole tu, unaamini."

Filister alikuwa ameshaanza kuifunga sumaku yake kwa nailoni.

"Dishon, wewe umenieleza mara mbili leo, na mara zote mbili ulikuwa na uhakika. Vidole havijui utani."