Samaki Chini ya Wali

Walikuja Ziwa Toba kwa ajili ya posa, na hata mchana haujafika Wignyo, kijana wa Kijava, alikuwa ameshaharibu kila kitu kwa adabu zake.

Asubuhi ilikuwa njema. Rumondang, mchumba wake, alimtembeza kwao, wakashuka na mashamba ya vitunguu hadi majini, Wignyo akishangaa ziwa na milima mpaka akakanyaga kinyesi cha nyati. Ufukweni wakamkuta Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake Rumondang, akihangaika na mtumbwi ulionasa kwenye magugu. Mjava wa watu akakunja suruali, akasukuma. Mzee alifurahi mno, akamvuta hadi nyumbani, akamkalisha mkekani mbele ya sahani ya wali na samaki wa viungo, kisha akatangaza kwa sauti ya kanisani:

"Kijana huyu ni Mjava, hana ukoo! Kuanzia leo ni mwanangu. Ni Sihotang!"

Jamaa waliojaa nyumbani wakapiga makofi. Wignyo akainama. "Asante, Baba."

Rumondang mwenyewe ni Sihotang, na watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani hata kwa dawa. Bwege wake alikuwa amekuja kutafuta mke, akapokea dada, tena kwa tabasamu.

Shangazi yake Rumondang, aliyeolewa katika ukoo wa Simbolon, akaruka. "Kaka, umezeeka vibaya! Huyu si ndiye mchumba wa Rumondang!"

Baba Mkubwa akaduwaa. "Mbona hamkuniambia? Sasa nimeshatamka. Na samaki wa kumpokea ukooni nimeshampa."

"Umempa. Amemla? Asiyekula samaki wako hajawa mwanao."

Wote wakamgeukia Wignyo. Taratibu akafukua wali kwa vidole. Samaki alikuwa chini, mzima, hajaguswa.

"Samahani, Shangazi. Harufu ya pilipili tu ilinitoa machozi. Niliona aibu kukataa."

Rumondang, aliyemkanya wiki nzima asidharau chakula cha watu, alitamani kumkumbatia mbele ya wazee.

"Basi ni wangu!" Shangazi akavua shali yake ya kufumwa, akamvika Wignyo mabegani, akamletea samaki mwingine kutoka jikoni. "Wewe ni Simbolon. Mtoto wa shangazi ndiye hasa wa kumwoa huyu. Haya kula, na safari hii nakutazama."

Wignyo akala. Machozi yalimtiririka, kamasi zikamchuruzika, akaguguna mpaka kichwa. Kisha akainua sahani tupu.

"Mama," alisema kwa ulimi uliokufa ganzi, "niongeze."