Kigujarati na Kiswahili Kwenye Kibodi Moja

Mwaka 2004 Celina alikuwa na chumba cha uchapaji Mtaa wa Msimbazi, na kompyuta moja ya mtumba. Kwa kuwa ilikuwa imechoka, aliiwekea mfumo wa Linux na programu nyepesi ya kupanga madirisha ya kwenye skrini, isiyo na madoido wala menyu ya kubadilisha kibodi.

Asubuhi moja akaingia Mama Jasvanti, mjane wa Devendra aliyeuza vitenge Kariakoo miaka arobaini. Baada ya shikamoo na marahaba, akaeleza kwamba kesho kutwa ni ibada ya kumkumbuka mumewe, naye anataka kijitabu cha Kigujarati na Kiswahili. Mchapaji mwenye herufi za risasi za Kigujarati alishafunga. Kwingine walimshauri atumie Kiingereza tu.

"Devendra alisali kwa Kigujarati, akacheka kwa Kiswahili," alisema. "Kiingereza alikipeleka benki."

Celina akaandika amri ya kubadilisha kibodi, na kila kitufe kikaanza kutoa herufi za Kigujarati. Alipotaka kurudi kwenye herufi za kawaida, hata amri ya kurudi ikatoka kwa herufi za Kigujarati, na kompyuta haikuielewa. Kuizima hakuthubutu, kwani ikishazimika, kuwaka kwake ni bahati nasibu.

Mama Jasvanti akasema basi, yaishe, asijisumbue.

"Kaa, mama. Hutoki hapa bila kijitabu," Celina akajibu.

Mausi ilikuwa bado inamsikiliza. Akafungua barua ya zamani ya mteja, yenye herufi za kawaida, akawa anachagua herufi moja moja na kuzibandika kwenye mstari wa amri mpya: kibodi mbili kwa pamoja, za kubadilishana kwa kubonyeza Alt na Shift. Mara mbili alikosea, akaanza upya. Mara ya tatu ikakubali. Akabonyeza: Kigujarati. Akabonyeza tena: Kiswahili. Papo hapo akauingiza mstari ule kwenye faili linalosomwa kompyuta inapowaka, usije ukapotea.

Kisha akampisha mama kiti. Mama Jasvanti alitafuta herufi kwa kidole kimoja mpaka jina la mumewe likakaa kwenye skrini. Akalitazama kwa muda mrefu, akajifuta macho kwa ncha ya sari, akaendelea kuandika.

Siku ya ibada, Shomari, aliyembebea Devendra marobota ya vitenge tangu ujanani, aliombwa asome ukurasa wa Kiswahili wa kijitabu. Alisoma taratibu, bila kuruka neno, na Celina akasikiliza akiwa amesimama mlangoni.