Vizibo Kwenye Ngazi za Manispaa

Nilifika mbele ya jumba la manispaa na ufagio kwapani, binti yangu Jette kwenye kigari chake, na mfuko mzima wa vizibo vya bia nilivyokusanya tangu kiangazi. Siku hiyo Hauke, baba yake Jette, alikuwa anatimiza miaka thelathini. Kwetu huku kaskazini, mwanamume akifika umri huo bila ndoa, marafiki humwaga takataka kwenye ngazi za manispaa, naye hufagia mbele za watu mpaka msichana ambaye hajaolewa aje ambusu, amwokoe.

Hauke alikuwa amenipa neno lake. "Acha kwanza nifagie kama kaka zangu, Wiebke. Ukishanibusu, tunapanda ngazi hizohizo kufunga ndoa."

Nikangoja. Hata kujifungua nilijifungua nikingoja.

Nikamwaga vizibo. Vilishuka kwenye mawe vikilia, wageni waliokuwa wakipiga picha sanamu za kale za ukutani mwa jumba wakageuka. Jette akapiga makofi.

Mara akatokea Tammo, rafiki mkubwa wa Hauke, anatafuna mkate wa samaki. Alipouona ufagio akasimama.

"Wiebke! Nani anafagishwa?"

"Usijifanye mjinga. Wenzako na muziki wako wapi?"

Akafuta mdomo polepole. "Dada, mwenye mke hafagishwi."

Nikacheka. "Mke si ndiye huyu? Tena rangi ya mdomo nimeshapaka."

"Mke wake ni Insa. Tangu Mei." Akainua macho kwenye madirisha ya vioo vya rangi. "Walifungia ndoa humuhumu, ukumbi wa juu. Alisema atakuambia mwenyewe."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa shahidi."

"Jumapili umekula kabichi na soseji kwangu, Tammo. Umemrusha Jette juu, unamwita mchumba."

"Sasa ningesemaje?"

"Kwa mdomo huohuo uliokula kabichi yangu."

Akanyoosha mkono anishike bega, nikarudi nyuma. Akaenda zake.

"Mama, hizo takataka nani atazoa?" mlinzi akaniita kutoka mlangoni.

Nikashika ufagio. Nilianza ngazi ya juu kabisa, machozi yananidondokea kwenye viatu. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akasimama kunitazama, anacheka.

"Umekosea, binti yangu! Wanaofagia ni wanaume. Sisi wanawake, tukifika thelathini bila ndoa, tunasugua vitasa vya milango."

"Najua, bibi. Mwenye zamu hakuja."

Akaacha kucheka. Akakishika kigari, akawa anamtikisa Jette taratibu mpaka nikamaliza.

Nilikuwa nazoa vizibo vya mwisho mlango mkubwa ulipofunguka. Ikatoka harusi ya watu nisiowajua. Bibi harusi akainua gauni lake jeupe, akashuka ngazi nilizozisafisha, akanitazama mimi na ufagio wangu.

"Asante, dada."

"Hongera," nikamwambia, na nilimaanisha.

Kisha nikaifuta ile rangi ya mdomo kwa kitambaa cha Jette.