Kipimo Asiyeugua Tena

Kipimo alikuwa anaombea kichefuchefu, na kichefuchefu hakiji. Amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, macho yamezibwa na miwani ile mizito inayomwingiza mtu mzimamzima ndani ya mchezo. Milima inampita mbio, na tumbo shwari kabisa. Mguu wake tu ndio haukutulia, unapigapiga sakafu.

Msishangae, kuugua ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kwenye kampuni inayotengeneza michezo hiyo, mafundi wote walishakuwa sugu; wazungushe mchana kutwa, wataondoka wakaenda kula. Ndiyo maana wakatafuta mtu mwenye tumbo jepesi. Kichwa kikianza kumzunguka anabonyeza kitufe, nao wanaparekebisha pale pale: kona wanaipunguzia kasi, pembeni wanapatia giza. Wakambandika jina Kipimo; jina lake halisi walishalisahau.

Kosa alilifanyia nyumbani. Mdogo wake aliolewa mbali, wakawa wanakutana jioni ndani ya mchezo, wanapanda vilima huku wakiwasengenya mashemeji. Kipimo hakutaka kukatiza umbea kila baada ya dakika tano. Akajifunza: feni impulize usoni, asicheze na njaa wala shibe, jasho la kwanza likimtoka avue miwani, kesho yake aongeze dakika mbili. Mwezi haukuisha, akawa ngangari. Loo, dada wa watu, kajiponya mpaka kajiharibia kazi!

Tangu hapo, wiki tatu nzima, anabonyeza kwa kubahatisha. Akifika kwenye ngazi, anabonyeza. Akifika kwenye kona, anabonyeza. Roho juu juu, kila fundi akimtupia jicho anaona ameshagundulika, na akifukuzwa hapa hajui nani mwingine atamwajiri kwa kutapika.

Siku hiyo fundi mkuu aliingia amemshika mkono mama yake mzazi. Akatangaza kwamba mchezo umekamilika na bimkubwa ndiye atakayeufungua kwa kuucheza wa kwanza. Akamtoa hofu mama: Kipimo ameupitia wote, hauna neno. Mama akamshukuru Kipimo, akamwita mwanangu. Hapo uzalendo ukamshinda.

"Mama, usivae miwani," alisema. "Mimi siugui tena. Wiki tatu hizi nimekuwa nabahatisha tu."

Fundi mkuu uso ulimwiva. Mama ndiye aliyeongea. Alisema yeye hata lifti humtapisha, akaagiza ndoo, akavaa miwani. Kipimo akamtia kitufe mkononi, akasimama kumshikia feni.

Sekunde ishirini hazikufika, kitufe kikalia. Wote wakatazama kwenye kioo cha kompyuta. Ni kwenye daraja la mbao, mahali ambapo Kipimo hakuwahi kubonyeza hata siku moja. Mama akatapika, akajifuta mdomo, akasema waendelee.

Fundi mkuu akaandika mahali pale kwenye daftari. Kisha akamuuliza mama yake kama kesho asubuhi atakuwa na nafasi.